Likizo niliyomfanya Marita mgeni

Karatu, Jumapili, saa kumi jioni.

Ukungu umekaa juu ya mabati tangu asubuhi, na nguo nilizoanika jana bado zina unyevu. Naandika nimesimama jikoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi. Elia amelala mgongoni. Maharage yanatokota taratibu.

Nimechoka, ila leo mabega yamelegea.

Mama Inga, mama mzazi wa Marita, ameondoka asubuhi na gari la Arusha. Siku zake tisa zimekwisha. Nimejiambia nitaandika jinsi ilivyokuwa, pamoja na yale ambayo sitapenda kuyasoma tena, maana nikiandika mazuri tu nitakuwa narudia kosa lile lile lililonitesa likizo nzima.

Kosa la kuficha.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: Marita ni binti wa miaka kumi na saba kutoka Norwe. Amekuja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, na tangu Januari anaishi kwetu na kusoma sekondari ya hapa mjini. Atakaa mwaka mzima. Namzidi miaka tisa tu, lakini ananiita mama, na mzee mwenye duka la kona ameshaacha kuniita Mama Paski, siku hizi mimi ni Mama Marita. Paski ndiye wangu wa kwanza, ana miaka minne. Elia ana miezi tisa. Baba yao anaendesha watalii, na msimu ukianza tunamwona akija kubadili nguo.

Hivyo Marita anafanya kazi. Wacha niseme wazi. Anaosha vyombo vya jioni, anafagia uwanja, anafua sare zake mwenyewe, na nikienda sokoni anambeba Elia. Wiki ya kwanza nilimwacha akae. Wiki ya pili nikampa fagio. Alinuna siku tatu, nami sikurudi nyuma, kwa sababu hata mimi kwa mama yangu nilikuwa binti mkubwa na hakuna aliyeniuliza kama ninapenda. Siku ya nne aliamka akafagia bila kuambiwa. Jioni yake ndiyo aliniita mama kwa mara ya kwanza.

Lakini kuna karatasi niliyosaini kwa mratibu wa mpango. Imeandikwa mwanafunzi asifanywe mfanyakazi wa ndani. Imeandikwa pia kwamba akiumia, hata kidogo, mratibu aarifiwe siku hiyo hiyo.

Mwezi wa tatu Marita aliungua.

Nilikuwa nanyonyesha, uji ukaanza kufurika, nikamwambia ashushe sufuria. Akashika kwa mkono wa sweta badala ya kitambaa, sufuria ikayumba, uji ukammwagikia juu kidogo ya kifundo cha mkono. Nilimtumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji, kisha tukakimbia zahanati, Elia mgongoni, Paski nimemwacha kwa jirani analia. Alipona vizuri. Pamebaki kovu la waridi, urefu wa kidole changu. Alinisihi tusimwambie mama yake, eti atapata hofu bure. Mimi mtu mzima nikakubali haraka mno, kwa sababu na mimi sikutaka mratibu ajue.

Basi likizo ya mwezi wa sita ikakaribia, na mama yake akasema anakuja.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na raha. Nilikuwa namwona akilini anaingia getini, anamkuta binti yake na beseni la nepi, anaona kovu, anampakia kwenye gari na kuondoka naye. Na ningesema nini? Karatasi ninayo kabatini.

Kwa hiyo siku moja kabla hajafika nilimkalisha Marita nikamwambia: kwa siku zote mama yako atakazokuwepo, hushiki kitu hapa ndani. Na sweta usivue. Alicheka, akadhani natania.

Sikuwa natania.

Mama Inga, Inga ni jina lake mwenyewe, alifika Jumamosi mchana. Mama mrefu, nywele za mvi kazikata fupi, anasalimia kwa kukuangalia machoni muda mrefu hadi unatafuta pa kuangalia. Nilikuwa nimepika wali na kuku. Sasa, hapa kwetu mimi na watoto tunakula sinia moja, chini, kwenye mkeka. Mgeni ndiye anayewekewa sahani mezani. Nina sahani mbili za maua nilizopewa siku ya harusi, na huwa hazishuki kabatini hovyo. Siku ile nilizishusha zote mbili. Moja ya Mama Inga, moja ya Marita.

Marita alikuwa ameshakaa kwenye mkeka na Paski, mikono ameshanawa. Nikamwita aje mezani. Akaniangalia. Nikamwonyesha kiti. Akainuka polepole, akaja, akashika uma.

Paski akauliza kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Mama, Dada Marita amekuwa mzungu?"

Nikamtia tonge mdomoni.

Siku zilizofuata nilifanya kila kitu mwenyewe. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo kuwika, nafagia, nafua, napika, namnyonyesha Elia nikiwa nimesimama, nachota maji huku yeye akilia mgongoni. Mama Inga akisimama anisaidie, namkalisha kwa maneno matamu. Marita akisimama, namkalisha kwa macho. Akawa anakaa kwenye kochi, mikono ndani ya sweta, anaangalia dirisha. Elia akimnyooshea mikono, Marita ananiangalia kwanza mimi kama anaomba ruhusa ya kumgusa mtoto aliyemlalia kifuani miezi sita.

Jumanne alinifuata bombani. Nilikuwa nasuuza nepi. Akachuchumaa pembeni, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mama, nimekosa nini?"

Nikamwambia hajakosa kitu. Nikamwambia aende akakae na mama yake.

Hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, tukiwa wawili tu, maji yanatiririka, hakuna anayesikia. Nikamrudisha kwenye kochi.

Jumatano Baba Paski alipata siku moja ya mapumziko, na bosi wake akamruhusu kuchukua gari moja la zamani atuteremshe kreta, kwenye lile bonde la wanyama. Mimi nimezaliwa hapa Karatu, na nimeteremka kule mara mbili tu, zote na shule. Juu ukingoni hatukuona kitu, ukungu mtupu, Paski akalalamika kwamba kreta imefungwa. Tulipofika chini jua likawaka. Tuliona nyumbu, pundamilia, na simba wawili wamelala barabarani kana kwamba ni wao waliolipia. Baba Paski alieleza yote kwa Kiingereza chake cha kazini, mpaka nikamwonea fahari.

Mchana tukasimama kula pale kwenye bwawa la viboko. Baba Paski alishasema tulie ndani ya gari kwa sababu ya mwewe. Paski akatoa mkono dirishani na paja la kuku, na kabla sijamaliza kusema, mwewe akalibeba. Mtoto alilia, halafu akacheka, sote tukacheka.

Marita hakucheka. Alikuwa kiti cha nyuma, kofia ya sweta imemfunika hadi machoni.

Mama Inga alimwangalia, kisha akanigeukia. Alizungumza Kiingereza polepole ili nimwelewe na kidato changu cha nne. Alisema ananishukuru kwa ukarimu. Alisema lakini binti yake amekaa hapa nusu mwaka na bado anakaa kwenye kiti kama amefika jana. Hasaidii kitu, hachezi na watoto, haongei. Alisema anaona Marita hajapata nyumba hapa, na si kosa la mtu. Kisha akasema atamtafutia nafasi kwenye ndege yake ya Jumatatu warudi wote.

Nilirudisha kipande changu cha mkate kwenye mfuko.

Niliogopa ataondolewa kwa sababu alifanya kazi. Kumbe anaondolewa kwa sababu nilimzuia asifanye.

Tulipofika nyumbani nilimweleza Baba Paski, yeye akiwa anaosha gari. Hakunyanyua kichwa. Alisema, "Umemkalisha mtoto kama picha ya ukutani, sasa mwenyewe amekuja kuitoa." Nikamwambia asinichekeshe, sina nguvu. Akasema hachekeshi, mwambie mama wa watu ukweli. Nikasema nitamwambia. Sikumwambia.

Alhamisi tukaenda Mang'ola kwa mama mkwe. Ilikuwa imepangwa tangu zamani, Marita alishakwenda huko Pasaka na wakaelewana na bibi vizuri sana. Kwa sisi wa Karatu kushuka Mang'ola ni kama kubadili mwezi. Huku unavaa sweta mbili, kule unatafuta kivuli. Vumbi lilituingia hadi kwenye meno.

Mama mkwe tulimkuta nyuma ya nyumba, chini ya turubai, na wanawake wanne wa jirani na lundo la vitunguu linalonifika kiunoni. Walikuwa wanakata mikia na mizizi ili vitunguu viingie kwenye magunia, maana lori la mfanyabiashara lilikuwa njiani. Mama mkwe aliinuka, akamshika Mama Inga mkono kwa mikono yake miwili, akamkaribisha kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili. Kisha akamwangalia Marita kuanzia juu hadi chini.

"We Marita, mbona umevimba kwa kukaa? Kisu kile pale."

Marita akaniangalia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa tayari kumkalisha kwa macho. Lakini sijui aliona nini usoni mwangu, au labda alichoka kuniangalia. Alivua sweta akalitupa juu ya gunia. Akanifungua Elia mgongoni, akamfunga mgongoni kwake, akakaza kitenge kama nilivyomfundisha, akakaa chini akavuta kisu.

Wale wanawake wakamshangilia. Mmoja akasema mkwe wake amerudi, kijana wake alishakata tamaa. Marita hata hakunyanyua macho. "Ng'ombe wako wapi?" akasema. "Mimi sioni hata mbuzi."

Walicheka hadi mmoja akaangusha kisu. Elia naye akacheka mgongoni bila kujua anacheka nini. Na Marita alicheka, kile kicheko chake cha kukoroma kidogo ambacho sikuwa nimekisikia tangu Ijumaa iliyopita.

Mama Inga akaniuliza amesema nini. Nikamtafsiria. Akatabasamu, akamgeukia binti yake, na hapo Marita akanyoosha mkono wa kulia kuchukua kitunguu. Mkono mtupu, jua linawaka.

Niliona macho ya Mama Inga yanasimama pale juu ya kifundo.

Kukata mikia ya vitunguu hakutoi machozi, ni majani makavu tu. Kwa hiyo sikuwa na cha kusingizia. Nilisema mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, bila kumngoja Marita anitafsirie. Nikasema ameungua jikoni kwangu, akishusha sufuria niliyomwambia mimi ashushe. Nikasema nilitakiwa kutoa taarifa, sikutoa. Nikasema nyumbani kwangu anaosha vyombo, anafagia, anabeba mtoto, na wiki hii nimemkataza kwa sababu nilimwogopa yeye. Sweta pia ni mimi niliyemwambia asivue.

Mama Inga alichuchumaa, akaushika ule mkono, akaugeuza huku na huku. Kisha akaanza kumuuliza Marita kwa lugha yao, maswali mengi, na Marita akawa anajibu kwa kifupi, anakata vitunguu kwa nguvu. Sikuelewa hata neno moja. Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

Mama mkwe, ambaye naye hakuelewa neno, alimnyooshea Mama Inga kisu.

"Kaa, mama. Mtaongea. Lori linakuja saa tisa."

Na Mama Inga akakaa. Akakata vitunguu mpaka lori likaja. Vyake vya mwanzo mama mkwe alivikata upya bila kujificha.

Sikulala vizuri, nisiseme uongo.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nakamua ng'ombe na mama mkwe. Mama Inga aliamka mapema, akakuta vyombo vya jana, akaamua kusaidia. Alikuwa na beseni na povu la kutosha. Vikombe vikapita, sahani zikapita, kisha akachukua kibuyu cha maziwa cha mama mkwe, kile chenye shanga shingoni, alichopewa siku ya kuolewa. Nilimwona kwa mbali anakiinamisha kwenye povu. Nilikuwa bado na chuchu ya ng'ombe mkononi.

Mlango ukafunguka, Marita akatoka mbio miguu mitupu, nywele zimesimama.

"Mama, hapana! Kwetu hakioshwi na sabuni!"

Alimwambia kwa Kiswahili. Mama yake hakuelewa, lakini mkono ulisimama hewani.

Marita akamnyang'anya kibuyu, akakikumbatia. Akaingia jikoni akachomoa kijinga cha mzeituni wa porini kutoka motoni, akakipuliza, akakitia ndani ya kibuyu, akawa anasugua na kuzungusha, moshi unamwingia machoni, mama yake amechuchumaa pembeni anaangalia. Akakung'uta majivu. Akakinusa. Akampa mama yake naye anuse. Nusu saa nzima akimweleza, mara kwa lugha yao, mara anasahau na kurudi kwenye Kiswahili, kwamba moshi ndio unaosafisha, na moshi ndio unaofanya maziwa yawe na ladha yetu, na sabuni ikiingia mara moja tu kibuyu kimekufa.

Mama mkwe akaniambia kwa sauti ya chini, bila kuacha kukamua, "Mkono mzito, lakini amekisugua vizuri."

Baadaye Mama Inga alinifuata. Alikuwa na masizi puani. Akasema alidhani hatumpendi binti yake. Akasema, "Kumbe ulikuwa unaniogopa mimi." Nikakubali. Akasema Marita hajui hata kwamba alimkemea yeye kwa Kiswahili. Akasema mtu hampi mgeni mtoto wake amfunge mgongoni, hilo aliliona jana, na alikaa na vitunguu muda wote ule akilifikiria.

Halafu akawa mkali kidogo, na nikampenda zaidi. Akasema siku za mitihani Marita hashiki ufagio. Akasema akiumia tena, hata akijikata kucha, anataka kujua siku hiyo, kutoka kwangu. Na mratibu lazima aambiwe habari ya mkono. Nikakubali yote matatu. Na mimi nikasema langu moja: vyombo vya jioni vinabaki vyake. Akanipa mkono.

Kwa hiyo Marita anabaki hadi Desemba. Nimeandika sentensi hiyo nikairudia kuisoma.

Wakati wa kuagana kule Mang'ola, mama mkwe aliuliza sasa huyu mama wa kizungu tumwite nani, maana Mama Marita yupo tayari. Akajijibu mwenyewe. Mama Inga ni mama mkubwa, mimi ni mama mdogo, mtoto ana mama wawili na asituzungushe. Tukamtafsiria Mama Inga. Leo asubuhi wakati gari linawashwa alichungulia dirishani akaniita, "Mama mdogo." Akalikosea kidogo kulitamka. Nililia, na sikuwa na kitunguu karibu.

Kesho shule inafunguliwa. Kesho hiyo hiyo, kabla sijatoka kwenda sokoni, nampigia mratibu. Nitamwambia yote kama nilivyoandika hapa, na kama atanigombeza, atanigombeza. Naogopa bado, lakini hofu ya kusema ina mwisho wake. Ile ya kuficha ilikuwa inaamka nami kila siku.

Na kwa Marita nilishaomba radhi, jana, pale pale bombani. Aliuliza, "Kwa hiyo sikukosa kitu?" Nikamwambia mimi ndiye niliyekosa. Akanimwagia maji ya kusuuzia. Kidogo tu.

Maharage yameiva. Tumekula na wali sasa hivi, sinia moja, na Marita amegombania ukoko na Paski, akashinda. Nikamwambia:

"Marita, vyombo."

"Mama, nimechoka."

"Na mimi nimechoka. Vyombo."

Akasonya. Msonyo wa hapa hapa Karatu, wa kuvutwa kwenye meno, sijui kamsikia nani. Nimemwambia asirudie tena ndani ya nyumba hii, kisha nikageukia jiko ili asione uso wangu. Sasa hivi namsikia anasugua sufuria, anaimba.

Sahani za maua nimezipandisha kabatini, zote mbili. Zitashuka akija mgeni.